Barua kwa Baraka kuhusu jela ya pamoja

Norfolk, Virginia

Ndugu yangu Baraka,

Salamu nyingi kwako na kwa shemeji. Umeniuliza nina maoni gani kuhusu kaunti yenu huko Kentucky kuungana na jirani zake na kujenga jela moja, nami nitakujibu kwa yale yaliyotokea huku, kwa kuwa miji yetu ilikwisha kuipita njia hiyo.

Sababu za viongozi wenu zina uzito. Kentucky ina kaunti 120, nyingi zikiwa ndogo, na kaunti yenye wakazi wachache hulemewa kulipa askari wa zamu ya usiku, muuguzi na matengenezo ya jengo kuukuu kwa ajili ya mahabusu wachache.

Kwa hesabu za namna hiyo, miji ya Hampton, Newport News, Norfolk na Portsmouth ilianzisha jela ya Hampton Roads, iliyofunguliwa mwaka 1998, na baadaye Chesapeake ikajiunga. Kila mji ulibaki na jela yake, na waliopelekwa kwenye ile ya pamoja mara nyingi walikuwa wagonjwa, wakiwemo wenye maradhi ya akili, ambao jela za mijini zilishindwa kuwahudumia. Wakakusanywa mahali pamoja pasipo wahudumu wa kuwatosha. Mwaka 2015 kijana wa miaka 24 mwenye ugonjwa wa akili, aliyetuhumiwa kuiba vitafunio vya dola 5 hivi, alifia humo ilhali mahakama ilikuwa imekwisha kuagiza apelekwe hospitali. Alikuwa mahabusu, hajahukumiwa kwa kosa hilo, na mpaka leo jambo hilo linaniuma. Desemba 2018 Wizara ya Sheria ya Marekani ilieleza kwamba matibabu ya jela ile yalikiuka Katiba, na mwaka 2024 jela hiyo ikafungwa.

Ndiyo maana swali langu la kwanza halihusu fedha. Nauliza: mahabusu akidhurika, nani atawajibika? Kwenu mkuu wa jela huchaguliwa kwa kura, na mwananchi asiyeridhika anajua pa kumpata. Jela ya pamoja huendeshwa na bodi, ambamo kila kaunti inaweza kusema kwamba uamuzi haukuwa wake peke yake. Tena kuna umbali: mama asiye na gari atamtembeleaje mwanawe, na wakili mwenye kesi nyingi atamfikia mteja wake mara ngapi kabla ya siku ya kesi?

Hata hesabu za fedha zichunguze. Jirani zenu wa West Virginia wana kaunti 55 na jela 10 za kanda, ambako kaunti hulipa kwa kila siku ambayo mtu wao amelala ndani, na baadhi zimelimbikiza madeni makubwa.

Nakusihi uhudhurie kikao cha hadhara. Taka mkataba uonyeshe wazi ni nani atamlipa daktari, nani atagharimia usafiri wa kwenda mahakamani, na kaunti moja ikijitoa, mzigo wake utabebwa na nani. Uliza pia ni wangapi wamo jelani leo kwa sababu tu hawana fedha za dhamana, kwa maana hao wakiachiwa wasubiri kesi wakiwa nyumbani, huenda jengo mnalolihitaji ni dogo kuliko lile lililochorwa.

Niandikie mara kikao kitakapokwisha.

Wako,
Neema