Malalamiko Kuhusu Bunduki ya Kuwindia Niliyouziwa kwa Masafa Marefu

Bahi, Mkoa wa Dodoma
14 Oktoba 2024

Kwa Meneja Mauzo,
Idara ya Bunduki za Uwindaji.

YAH: BUNDUKI YA .308 NA DARUBINI YAKE KUTOKUFAA KWA KAZI ILIYONUNULIWA

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mwindaji mkazi mwenye leseni ya silaha, na ndiye mteja mliyemuuzia bunduki ya .308 Winchester pamoja na darubini yake kama seti moja, kabla msimu wa uwindaji haujafunguliwa mwezi Julai. Risiti ya EFD ninayo, na nakala ya mawasiliano yetu nimeiambatisha. Seti hiyo haifanyi kazi mliyoniahidi. Jibu nililopewa kwa simu, kwamba bunduki mpya inabidi kuizoea, silikubali, na sababu zangu ndizo hizi.

Nianze na nilichoomba, kwa sababu ofisa wenu alizungumza nami kana kwamba nilitaka makubwa kwa hela ndogo. Nilieleza kwa maandishi kwamba mbuga za kwetu Bahi na kuelekea Manyoni ziko wazi. Ikifika Agosti nyasi zimekwisha, miti imepukutisha majani, mnyama anakuona mapema na hakuna pa kujificha umsogelee. Nikaomba bunduki ya bei ambayo mfugaji anaimudu, yenye uwezo wa kuweka risasi kwenye kifua cha swala pala akiwa mita 300, na kwenye karatasi ya shabaha hadi mita 500. Basi. Habari ya mita 800 mliileta ninyi kwenye tangazo lenu, pamoja na darubini ya kukuza mara 24 na ahadi ya usahihi wa chini ya dakika moja ya pembe, kipimo cha jinsi risasi zinavyotawanyika kwenye shabaha.

Kaliba, yaani aina ya risasi inayotumiwa na bunduki, sina ugomvi nayo. Niliichagua .308 mwenyewe. Ipo tangu 1952, risasi zake nazipata bila kuhangaika, teke lake linavumilika, na kwa swala kwenye masafa niliyoyataja inatosha kabisa. Kijana wenu wa mauzo alinisukuma nichukue .300 Winchester Magnum kwa kuwa "inafika mbali". Nilikataa. Mtu wa kipato cha kawaida akinunua bunduki ambayo risasi zake ni ghali na teke lake linamfanya afumbe macho kabla ya kufyatua, hafanyi mazoezi, na asiyefanya mazoezi hana haki ya kumpiga mnyama aliye mbali.

Sasa matatizo yenyewe. Dakika moja ya pembe ni kama milimita 29 kwenye mita 100. Hiyo ndiyo ahadi yenu: risasi zote zitue ndani ya upana huo, au pungufu. Kwenye uwanja wa shabaha tulioruhusiwa kuutumia, bunduki ikiwa imeegemea mifuko ya mchanga, matundu yalitapakaa kwa sentimita 9. Ukilipeleka kosa hilo mita 300 linakuwa sentimita 27, na eneo la moyo na mapafu ya swala pala ni takribani sentimita 20. Maana yake ni kwamba hata mkono wangu ukitulia kama jiwe, baadhi ya risasi zitamwingia mnyama tumboni au kumvunja mguu.

Nilijaribu vichwa vya risasi vya uzito wa greini 150, 168 na 180, kwa kuwa najua bunduki moja hupenda uzito fulani na kuukataa mwingine. Tofauti ilikuwa ndogo. Mwenzangu, mwindaji wa muda mrefu, aliishika naye akapata matokeo yale yale. Kisha akachukua bunduki yake ya zamani ya kaliba ya .30-06, mahali pale pale na upepo ule ule, na matundu yake yakakaa pamoja vizuri. Hili la kuzoea bunduki liishie hapo.

Tukaanza kutafuta chanzo. Tuliitoa risasi bunduki, tukaipumzisha juu ya meza, tukapitisha noti ya shilingi elfu moja kati ya mtutu na plastiki inayoubeba (sehemu tunayoiita mbao), kuona kama vinagusana. Noti ilipita bila shida hadi karibu na chemba, pale risasi inapokaa. Tulipoweka mfuko wa mchanga chini ya sehemu ya mbele na kuegemea kidogo, kama mtu anavyolenga, noti ilikwama upande wa kushoto. Plastiki ni laini mno, inapinda na kuugusa mtutu. Kila risasi inapotoka, mtutu unatetemeka huku ukigongana na plastiki hiyo, na ukishapata moto mgongano unabadilika. Ndiyo maana risasi ya kwanza ilitua mahali pamoja na zilizofuata zikasogea. Sikuparua hiyo plastiki kwa msasa, ingawa fundi alijitolea, kwa sababu waranti yenu inasema atakayeifanyia bunduki kazi ya ufundi amejiondolea haki.

Darubini ni mbaya zaidi, na hapa naomba mnisome kwa makini. Maelezo ya mauzo yalisema alama za ndani na vifundo vya kurekebishia vyote viko kwa mili, ambayo ni kipimo cha pembe. Alama za ndani kweli ni za mili. Vifundo ni vya robo dakika ya pembe kwa kila kliki, yaani kila hatua moja ya kukizungusha kifundo. Hivi ni vipimo viwili tofauti, kwa kuwa mili moja ni dakika 3.44. Chukueni mfano wa mita 300. Ukiwa umeiseti bunduki kwenye mita 100, risasi ya .308 ikifika mita 300 imeshuka zaidi ya sentimita 40, yaani mili 1.4 hivi. Anayeamini maelezo yenu atazungusha kliki 14, akidhani kila moja ni sehemu ya kumi ya mili. Kwa kweli amepandisha dakika 3.5 tu, na risasi itapita zaidi ya sentimita 11 chini ya alipolenga.

Hata ukijua kosa hilo na kupiga hesabu upya, darubini yenyewe hairudi ilikotoka. Tulipandisha kliki 60, tukashusha kliki 60, na matundu yakahama kwa sentimita 6. Pete na reli zinazoishikilia darubini tulishazikagua na kuzikaza kabla ya hapo. Mwenzangu akafunga darubini yake ya kukuza mara 9 juu ya bunduki yangu, na mtawanyiko ukapungua hadi kama sentimita 6. Kwa hiyo kasoro ni mbili: nyingine ni ya darubini, nyingine ya bunduki, na kurekebisha moja hakutaondoa ya pili.

Ndugu Meneja, sipingi bidhaa nafuu. Howa 1500 ya Japani, Savage Axis na Ruger American za Marekani zimesifika kwa kulenga vizuri kuliko bei zake, na wenye kipato kama changu wanazitegemea. Unafuu wa kweli ni kuacha mapambo na kuilinda kazi: mtutu mzuri, pete imara, darubini ya mara 9 au 10 inayorudi pale pale ukiizungusha, na hela ya risasi za mazoezi inayobaki mfukoni. Ninyi mmefanya kinyume. Mmeweka namba kubwa ya ukuzaji kwa sababu ndiyo inayoonekana kwenye picha, mkabana pale ambapo mteja haoni mpaka afike uwanjani. Ukuzaji wa mara 24 katika joto la mchana la Dodoma unakuonyesha mvuke ukicheza juu ya ardhi na vumbi la upepo. Upepo wa kwetu mnaujua? Upepo wa kilomita 16 kwa saa ukipuliza ubavuni unaisogeza risasi ya .308 zaidi ya nusu mita ikifika mita 500. Mtu anayeuziwa ndoto ya mita 800 bila kuambiwa jambo hilo atakwenda kujeruhi wanyama, kisha atembee porini hadi giza akifuata damu.

Mimi sikumfyatulia mnyama yeyote kwa bunduki hii, na sitafanya hivyo ikiwa katika hali hii. Kibali nilicholipia kimekwisha muda wake bila kutumika.

Mmeniambia pia kwamba nikitaka nije niibadilishe dukani. Silaha haibadilishwi kama simu. Ili niimiliki nilipita serikali ya kijiji, kamati za ulinzi na usalama, kisha polisi, na namba iliyogongwa kwenye bunduki hiyo ndiyo iliyoandikwa kwenye leseni yangu. Risasi nazo zinanunuliwa kwa kibali, kwa hiyo kila moja iliyoishia kwenye majaribio ya kutafuta kasoro zenu ni hasara nisiyoweza kuifidia kwa kwenda dukani kesho. Muuzaji wa silaha Tanzania anayajua haya yote, na ndiyo sababu anatakiwa kuipima bunduki kabla ya kuikabidhi.

Naomba haya. Mnibadilishie mbao ya bunduki kwa nyingine ngumu isiyogusa mtutu, bunduki yenyewe ibaki na namba yake ili leseni isiguswe. Darubini muichukue, mnirudishie thamani yake taslimu, nitatafuta nyingine mwenyewe. Mnilipe risasi za majaribio kwa bei niliyonunulia, risiti zake nimeziambatisha. Baada ya matengenezo, fundi wenu aipige bunduki kwenye mita 100 mbele yangu na kunipa karatasi ya shabaha ikiwa imeandikwa aina ya risasi iliyotumika. Isipofikia usahihi mlioutangaza, nirudishiwe fedha zote, na taratibu za polisi za kuhamisha umiliki mzisimamie na kuzigharamia ninyi.

Vilevile liondoeni tangazo la mita 800, maana bado lipo na watu wa huku wananipigia kuniuliza kama wanunue.

Niliwaeleza matumizi kwa maandishi kabla sijalipa, na Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamlinda mnunuzi aliyefanya hivyo. Nawapa siku 21 tangu kupokea barua hii. Zikipita kimya, nitapeleka barua hii na viambatisho vyake Tume ya Ushindani.

Bunduki iko kwangu ikiwa imefungiwa kama sheria inavyotaka. Nipigieni kwa namba iliyo kwenye fomu ya mauzo mnijulishe siku ya fundi, ili nitoe taarifa polisi kabla ya kuisafirisha.

Wenu,
Mteja na mwindaji mkazi,
Bahi, Dodoma.

Viambatisho: nakala ya risiti ya EFD, mawasiliano ya kabla ya mauzo, nakala ya tangazo, karatasi za shabaha, risiti za risasi.