Mdogo wangu, usikiache kituo cha afya

Mdogo wangu,

Tangu uliponipigia simu juzi ukasema, "Dada, sasa nimempata daktari bingwa, kituoni sirudi tena," sijatulia. Nakuandikia hadharani kwa sababu najua wenye mawazo kama yako ni wengi.

Nani alishtukia kwamba kuharisha kwako si minyoo? Aliyeagiza kinyesi chako kipimwe kalprotektini, ile protini inayopanda utumbo ukivimba, akaona dalili za uvimbe wa utumbo, akakuandikia rufaa ya kuchunguzwa utumbo kwa kamera, ni huyo huyo daktari wa kituo unayetaka kumwacha. Huu ugonjwa wetu wa Crohn, wa utumbo kuvimba, hauishi kwa dozi ya wiki mbili. Hutulia, kisha huamka. Bingwa utaonana naye baada ya miezi, na hapo katikati utaumwa mafua, jino, mgongo. Utakwenda wapi?

Ngoja nikwambie yaliyonipata. Mwaka wangu wa pili na ugonjwa huu nilikwenda kituoni goti limevimba. Daktari hakuwa na hata mstari mmoja kutoka kwa bingwa, akaniandikia diklofenaki, dawa ya maumivu na uvimbe, kama ambavyo angemwandikia mtu yeyote. Dawa za jamii hiyo zinaweza kuuamsha ugonjwa wetu. Usiku wa tano niliamka mara nane kwenda chooni, na kila mara ilikuwa damu. Barua ya bingwa ilikuwa ndani ya mkoba wangu muda wote huo, kwenye bahasha iliyoandikwa "Kwa daktari wa kituo", haijafunguliwa. Lile goti nalo, nilikuja kuambiwa, lilikuwa la ugonjwa wenyewe, maana hushika viungo, macho na ngozi pia. Wangekuwa wamewasiliana, wangelijua mapema.

Sasa wewe umeanzishiwa azathioprini, dawa ya kushusha kinga ya mwili. Dawa hiyo inaweza kushusha chembe nyeupe za damu na kuumiza ini, ndiyo maana damu hupimwa mara kwa mara mwanzoni, halafu kila baada ya miezi mitatu hivi. Waulize wote wawili: nani anaagiza kipimo, na nani anasoma majibu? Kila mmoja akidhani mwenzake ameyasoma, ni sawa na damu kutotolewa kabisa. Tena ukija kuugua jongo, mtu asiyejua unachomeza akakupa alopurinoli juu yake, uboho wako unaweza kushindwa kutengeneza damu. Hili ndilo linaloninyima usingizi. Chanjo pia, zile zenye vimelea hai, huchomwi hivi hivi ukiwa kwenye dawa za kushusha kinga.

Miadi yako ni wiki ijayo. Kabla hujainuka kwenye kiti, mwombe bingwa aandike dawa na dozi, tarehe za kupima damu, na namba ambayo daktari wa kituo atampigia ugonjwa ukiamka. Nakala ipeleke kituoni siku hiyo hiyo, umkabidhi daktari mkononi. Ukitoka hapo nipigie, hata kama ni usiku.

Dada yako