Barua ya wazi kwa Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi: mashine ihesabu, karatasi iamue

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Mjadala wa mashine za kura umegeuka ugomvi kati ya wanaojiita wapenda maendeleo na wanaoambiwa wanaogopa teknolojia. Tume yako isiingie humo. Swali lenye uzito ni hili: mashine ikikosea, nani atajua, na ataonyesha ushahidi gani?

Mei 2003, huko Schaerbeek nchini Ubelgiji, kompyuta ilimwongezea mgombea mmoja kura 4,096. Kosa lilishtukiwa kwa sababu tu kura alizopata zilizidi zilizowezekana. Programu ilichunguzwa na haikuonekana na kasoro. Wataalamu wakakisia kwamba biti moja ya kumbukumbu, yaani chembe ndogo kabisa inayohifadhi sifuri au moja, ilijigeuza kutoka sifuri kuwa moja. Thamani ya kila biti ni mara mbili ya iliyotangulia, kuanzia moja, hivyo biti ya kumi na tatu ina thamani ya 4,096 kamili. Ingejigeuza ile ya 256, huenda mtu asiyechaguliwa angeapishwa, na hakuna ambaye angeuliza.

Ndiyo maana naomba kila kura iwe karatasi iliyotiwa alama kwa mkono wa mpiga kura, mashine iisome, kisha iangukie sandukuni. Risiti inayochapwa na mashine haitoshi. Wapiga kura wengi hawaisomi. Na ikiwa na msimbo wa mistari (barcode), mashine husoma mistari huku mtu akisoma majina, kwa hiyo viwili hivyo vyaweza kutofautiana mbele ya macho yake. Tena karatasi ya kuchapia kwa joto hufifia ikihifadhiwa vibaya.

Lakini karatasi isiyokaguliwa ni mzigo wa ghala tu. Ukaguzi wenyewe si mgumu. Kabla ya bahati nasibu ya kuchagua karatasi za kukaguliwa, Tume itangaze orodha ya masanduku yote, idadi ya karatasi katika kila moja na namba za lakiri. Idadi hiyo itoke kwenye daftari la waliopewa karatasi, isitoke kwenye mashine inayokaguliwa. Kisha mawakala wa vyama warushe hadharani dadu yenye pande kumi, mara ishirini. Tarakimu zinazopatikana ziingizwe katika programu ambayo kila mtu anaweza kuiendesha, nayo itaje karatasi za kuchomolewa. Kila karatasi ilinganishwe na jinsi mashine ilivyoisoma.

Kazi hiyo ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. Pengo la washindani likiwa 10%, karatasi 60 hivi zinatosha kuhakikisha kwamba matokeo yasiyo sahihi hayana zaidi ya nafasi 5 katika 100 za kupenya, mradi hakuna tofauti iliyoonekana. Pengo likiwa 1%, ziandaliwe zaidi ya 600. Tofauti zikijitokeza, sampuli iongezwe. Zikizidi, karatasi zote zihesabiwe kwa mkono. Jimbo la Colorado, Marekani, limekagua chaguzi zake kwa mtindo huu tangu 2017.

Kinachoharibu ukaguzi kwa kawaida ni mambo mawili. La kwanza, kuufanya baada ya mshindi kutangazwa rasmi, wakati tofauti iliyopatikana haina tena pa kupelekwa ila mahakamani. La pili, na hili ndilo hupuuzwa, ni sanduku kukaa usiku mzima bila daftari la makabidhiano: aliyelipokea, saa, namba ya lakiri, saini mbili. Lakiri iliyobadilishwa bila maandishi huondoa thamani ya kila karatasi iliyomo.

Zabuni ya mashine isifunguliwe kabla ya kuongezwa sharti hili: mashine iandike namba kwenye kila karatasi baada ya kuisoma, kamwe si kabla, ili kura isihusishwe na aliyeipiga, na itoe kumbukumbu ya kila karatasi peke yake. Bila hiyo hakuna cha kulinganisha karatasi kwa karatasi, na sampuli ya 60 itapanda hadi mamia. Mashine zikishanunuliwa, sharti hili litakuwa ghali kulirudisha.

Wasalaam,
Mpiga kura