Zuhura, daktari hakusema kamari

Zuhura mwenzangu,

Za siku nyingi jamani. Najua nimekaa kimya, na meseji zako mbili nilizisoma nikasema ntajibu nikitulia, kutulia kwenyewe ndo hakuji. Watoto wazima, mimi mzima, mgongo ule ule. Nisamehe kwa salamu za mbio mbio, kuna jambo limenikaa kooni tangu Ijumaa na wewe ndo mtu ninayemjua anayekula kwa kutafsiri kama mimi, kwa hiyo nalimwaga kwako.

Ni mama Naima. Habari za mtoto unazijua, ule moyo. Sasa wamepata daktari bingwa wa nje, wakapanga kuongea naye kwa video, nikaombwa nitafsiri, nikakubali papo hapo maana yule ni dada yangu kabisa. Daktari mpole, anaongea taratibu, anamwangalia mama mtu usoni. Walipofika kwenye operesheni, ifanywe sasa au wangoje, akasema "waiting would be a gamble". Na unaijua hii kazi, sentensi moja iko mdomoni nyingine inaingia sikioni, nikatamka: "Daktari anasema kungoja ni kucheza kamari." Mama Naima kimya. Halafu akanigeukia mimi, sio daktari, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Kamari? Mwanangu anachezewa kamari?"

Sijajipanga, daktari kaendelea na operesheni yenyewe, tena kwa nia ya kumpa moyo: "the odds are four to one in her favour." Nikasema "nne kwa moja", nikaongeza "upande wake" ila lilitoka kwa chini, na mtu akishasikia kamari hapo masikio yameshaziba. Alichosikia yeye ni wanne wanakufa, mmoja anapona. Akainuka akatoka. Simu ikabaki inatazama dari na daktari anauliza kama kila kitu kiko sawa.

Zuhura sijalala vizuri tangu siku hiyo. Kosa la kamari ni langu na nalijua, Kiswahili tunalo neno zuri tu, kubahatisha, ningesema "tukingoja tutakuwa tunabahatisha" na mama angeelewa na asingeumia. Kamari kwetu ni haramu, ni nyumba kuuzwa, ni mtu kukimbiwa na mkewe. Mwingereza akisema gamble kwenye mazungumzo kama yale hasikii harufu hiyo hata kidogo. Kiingereza kimejaa maneno ya mezani kwa wacheza kamari na wenye lugha wanayatumia kanisani, shuleni, kwenye barua za rambirambi, bila kustuka. I bet, maana yake tu nadhani. You bet, ndiyo kabisa. Toss-up, haijulikani itaangukia wapi. Unakumbuka ulivyohangaika na ile ripoti ya bosi wako yenye blue chip, ukaniuliza chipsi gani za bluu? Ni vile vidude vya kuwekea dau kwenye poka, ule mchezo wa karata wa pesa, vyeupe, vyekundu, vya bluu, na kwa desturi vya bluu ndo vyenye thamani kubwa, basi kampuni kubwa imara ikapewa jina hilo na leo mshauri wa fedha mcha Mungu analitamka bila kuwaza karata. Hata pass the buck, kumtupia mwenzako mzigo, wanasema ilianzia kwenye poka ya Marekani, buck ilikuwa alama inayowekwa mbele ya mtu kuonyesha zamu yake ya kugawa karata, usipotaka unaisogeza kwa jirani. Rais Truman akaweka kibao mezani kwake kwamba buck inaishia hapa. Rais mzima, neno la poka, na hakuna aliyemwona anacheza na nchi.

Mengine yamezikwa chini zaidi. Taa za hazadi za gari, si kila dereva anasema washa hazadi? Hazard ulikuwa mchezo wa dadu, Waingereza wa enzi za Chaucer, miaka ya 1300, walikuwa wanaucheza na mshairi mwenyewe kautaja, na wengi wanalirudisha neno lile mpaka kwenye Kiarabu az-zahr, dadu. Ndo likawa hatari, ndo likawa taa ya kuwaka na kuzima. Jeopardy ni Kifaransa cha zamani, jeu parti, mchezo uliogawanyika sawa sawa, hujui utaenda upande gani. Na chance, hii ambayo sisi tumeifanya chansi, shina lake ni Kilatini cadere, kuanguka. Dadu limeanguka hivi au vile.

Najua unasema sasa huyu kaanza mihadhara. Vumilia, nafika. Kilichoniuma zaidi ni ile nne kwa moja, maana pale hata ningetafsiri neno kwa neno bila kukosea bado ningemuumiza. Kwenye mbio za farasi Uingereza ukisikia farasi ni four to one bila nyongeza, maana yake ni dhidi yake, yani katika mara tano wanamtegemea ashindwe nne. Daktari alisema in her favour, yani kinyume chake, mara nne mtoto anapona na mara moja hapana. Ni maneno matatu tu yanayopindua maisha ya mtu, na ndiyo yaliyonitoka kwa chini. Mama Naima hajawahi kubeti maishani mwake lakini namba ile aliisikia kama anavyoisikia mtu wa farasi. Hivi kwa nini tusiseme tu wanne kati ya watano? Kwa nini daktari naye asiseme hivyo? Hilo namlaumu kidogo, mpole wake wote ule.

Ila pia siwezi kusema kamari haikuwemo kabisa, na hapo ndo nabaki nimekwama. Hesabu yenyewe ya uwezekano imetoka mezani kwao. Mwaka 1654 Pascal na Fermat, wanahisabati wawili wa Ufaransa, waliandikiana barua kuhusu wachezaji wawili wanaokatishwa mchezo kabla haujaisha, wagawane vipi dau lililopo mezani, na kwenye barua zile ndo hesabu ya bahati iliposhika mizizi, mpaka leo daktari anamwambia mama asilimia 80. Barua za watu wawili tu, kama sisi hivi. Kwa hiyo mama Naima alinusa kitu cha kweli. Wenye lugha ndio walioacha kukinusa.

Na sisi je? Juzi nilikaa nikawaza kura. Tunapiga kura kuchagua rais, tunapiga kura kikundi cha kina mama nani apokee kwanza, na kura kwa Kiarabu ni ile bahati ya kuchomoa, nani ataangukiwa. Nasibu ni fungu la mtu. Turufu tumeichukua kwa Wareno, trunfo, ndugu moja na trump ya Waingereza, na mwanasiasa "akitoa karata yake ya turufu" hatumfikirii shupaza wala kopa. Dau la mchezaji mpira linapandishwa redioni kila msimu na bibi anasikiliza hana neno. Kumbe nasi tunayo yaliyokwisha harufu, sema kamari yenyewe haijaisha, na sidhani kama itaisha, na sitaki iishe.

Jumapili nilienda kwake. Sikuanza na maneno. Nilimwonyesha mkono wangu, vidole vitano vimenyooka, nikasema hawa ni watoto watano wenye moyo kama wa Naima wanafanyiwa operesheni. Nikakunja kidole gumba. Nikasema hawa wanne wanarudi nyumbani, hicho ndo alichosema daktari, na neno kamari hakulisema, nililisema mimi, unisamehe. Akaushika mkono wangu. Akaangalia vile vidole vinne muda mrefu, halafu akagusa kile kilichokunjwa na kuniuliza, "Na huyu ni nani?"

Sikuwa na jibu. Nimekaa naye mpaka jioni.

Kakubali operesheni. Ni Alhamisi, na Jumatano daktari anapiga tena na mimi ndo nitakayetafsiri, kakataa mtu mwingine, ananitaka mimi. Kwa hiyo nijibu kabla, tafadhali, hata sauti tu. Ungesemaje odds ukiwa umebanwa na muda? Uwezekano ni neno zuri ila kwa mtu mwenye mwana kitandani nalisikia kama la kwenye karatasi, wewe unalisikiaje? Nimwombe daktari kabla aseme "wanne kati ya watano" na aache lugha ya kamari, au nitakuwa nimeingilia kazi yake? Akisema tena gamble niruke tu niseme hatari? Ukiruka vile bado unatafsiri au umeshaanza kumsemea mtu? Kile kidaftari chako cha maneno ya hospitali bado unacho au Kassim hajakirudisha? Na yeye mama Naima akiniuliza tena kuhusu kidole kile, wewe ungemwambia nini?

Msalimie mama, mwambie kanga yake ninayo.

Wako,
Mwanaidi