Tumpe, mahindi ya huko yameshakauka?

Mbagala, Jumapili usiku

Shoga yangu Tumpe,

Salamu kwako, kwa Baba Ambokile na kwa bibi. Sisi huku wazima, hofu na mashaka ni kwenu mlio mbali, kama tulivyofundishwa kuandika darasa la tano. Usicheke kuona barua. Simu yangu Sadiki kaitumbukiza kwenye ndoo ya maji Jumatano, fundi anataka elfu arobaini na tano, na mimi siku nikiwa na elfu arobaini na tano mkononi sitaanzia kwa fundi. Kijana wa Mama Nasra siku hizi ni utingo wa semi, wanaondoka alfajiri kwenda Tunduma, kasema Vwawa watasimama kunywa chai na atakutafuta hapo sokoni. Kwa hiyo naandika mbio mbio, na luku nayo imeanza kulia.

Kabla ya lolote: ile elfu thelathini yako unayonidai sijaisahau. Toka msiba wa Mzee Kondo wewe umenyamaza, mimi nimenyamaza, kila mmoja anamwonea mwenzake haya. Ndiyo iliyokata salamu, si kingine. Nitairudia, ngoja kwanza.

Kiwandani kwa Baba Rehema wamepunguza zamu tangu Machi. Wiki anaingia siku tatu, mara nyingine mbili. Ile elfu kumi na tano aliyokuwa anaacha mezani asubuhi imekuwa elfu nane, na akiiacha haniangalii, anaangalia viatu vyake. Nami sisemi kitu. Nilisema siku moja tu, tukanuniana mpaka Ijumaa, na elfu nane haikuongezeka kwa kununa.

Tupo saba ukimhesabu mama mkwe, na mhesabu, maana anakula vizuri, Mungu amzidishie. Sasa nikanunua daftari la mia tano, nikawa naandika kila senti, kama Mangi wa dukani anavyoniandika mimi. Sikiliza siku moja ilivyo. Unga kilo moja na nusu, 2,400. Dagaa wa 1,000, ambao nikiwamwaga kwenye ungo nawaona wote bila kugeuza shingo. Matembele mafungu mawili, 600. Nyanya 500, kitunguu 200. Mafuta ya kupima 700. Sukari robo 800. Mkaa kopo 1,500. Jumla 7,700. Mia tatu inayobaki ndiyo chumvi, kiberiti, kipande cha sabuni, kalamu ya Sauda, na ule mkate ambao mama mkwe anauulizia kila asubuhi kana kwamba nimeuficha. Asubuhi ni chai ya rangi na kiporo. Nimejifunza kukikata kiporo vipande na kukikausha kwenye kikaango bila mafuta mpaka kiwe na ukoko, watoto wanakiita biskuti. Hamisi anaamini kweli ni biskuti. Rehema anamtazama mdogo wake halafu ananitazama mimi.

Lakini kilichoniuma kwenye lile daftari ni mafuta. Kila siku natuma mtoto na kichupa, anapimiwa kikombe cha kahawa, mia saba. Siku tano mfululizo nikafanya kazi ya kichaa: kila yakija nayamimina kwanza kwenye chupa ya maji ya nusu lita, tukapikia ya akiba niliyokuwa nimekopa kwa Mama Nasra. Siku ya tano chupa ikajaa mpaka shingoni. Yaani nimetoa 3,500 kwa nusu lita, wakati lita nzima palepale dukani ni 5,500! Nikakaa chini ya mwembe na ile chupa mapajani. Mama Nasra ananunua dumu, ana uwezo, analipa kidogo. Mimi nisiye na kitu ndiye ninayelipa bei kubwa. Na unga ni vilevile, na mkaa wa kopo ndiyo usiseme. Mangi mwenyewe sina ugomvi naye, ananikopesha, nipo kwenye kitabu chake kwa 43,500 na Baba Rehema hajui, kwa hiyo mdomo wako ufunge hata akikupigia kukusalimia.

Maharage nimeyapunguzia mkaa kidogo. Naloweka toka asubuhi, usiku nikishasonga ugali naiinjika sufuria kwenye yale makaa ya mwisho, nafunika na kuweka jiwe juu. Asubuhi yameiva nusu bila kuwasha moto mpya. Kilo moja nakwenda nayo siku mbili, ya tatu ni mchuzi na kumbukumbu.

Haya, Alhamisi ya wiki iliyopita ndiyo ilinipa wazo la kukuandikia. Saa mbili usiku nimeshapakua, hodi! Baba mdogo wa Newala, hana taarifa, na mfuko mkubwa begani. Unga umekwisha, kwa Mangi wameshafunga. Nikachukua mwiko nikazunguka sahani moja baada ya nyingine, nakata kila ugali kipande, kama mtoza ushuru. Sadiki akaifunika yake kwa mikono miwili. Mchuzi nikaongeza maji na nyanya ya mwisho. Mzee akala, akalamba vidole, akasema, “Hapa mwanangu mnakula vizuri.” Mama mkwe akageukia ukutani, mabega yanamtikisika kwa kicheko. Kumbe ule mfuko ni makopa! Zaidi ya nusu gunia ya muhogo mkavu, kaitoa Newala yote hiyo kwa basi. Kesho yake tukapeleka mashineni, nikawa nachanganya na sembe nusu kwa nusu, na wiki hii unga haujaandikwa kwenye daftari mara tatu. Wiki nzima sijatetemeka saa kumi jioni. Nikasema, kumbe kitu kikiwa ndani kwenye gunia, hata usingizi unakuwa mwingine.

Sasa ombi. Mchezo wetu wa akina mama, zamu yangu ni tarehe ishirini mwezi huu. Tupo kumi na wawili, elfu ishirini ishirini, napata 240,000. Nataka uninunulie mahindi huko Mbozi wakati bei bado ya mavuno. Kijana wa Mama Nasra anasema gunia la debe sita limeshuka mpaka 65,000, na dereva wake atalibeba kwa elfu kumi. Ni kweli au ananipamba? Ikiwa kweli, matatu ni 225,000 mpaka mlangoni. Sisi kwa mwezi tunakula kama kilo 45, kwa hiyo gunia moja ni miezi miwili na siku kadhaa, nikisaga dona. Sembe sikobolei tena, karibu robo ya gunia inaondoka kwenye pumba, nimlishe kuku wa nani? Najua watoto watalia, dona kwao ni ugali wa magereza. Watazoea. Hesabu niliyofanya, unga wa dukani ni 72,000 kwa mwezi. Angalia mwenyewe.

Umeshaona linapokwama. 240,000 toa 225,000 inabaki kumi na tano, ya kusagia, nawe unadai thelathini. Nikikulipa kwanza, gunia la tatu halitimii. Nimelala na hesabu hii siku tatu na kila nikiipindua inatoka vilevile. Sitaki kukuomba unisubirie, na hapo hapo ndicho ninachokuomba, sijui hata niandikeje. Sema wewe. Ukisema “nipe yangu,” wallahi sitanuna, nitanunua mawili. Nilitaka nikufiche, nikuombe mahindi kama vile deni halipo, Rehema akasoma juu ya bega langu akasema, “Mama, shangazi Tumpe si mjinga.” Nikamfukuza akalale.

Sharti langu moja: yawe makavu. Unakumbuka mwaka 2016, Dodoma na Manyara, watu walikufa kwa sumukuvu, ile sumu ya ukungu, na ilikuwa mahindi ya nyumbani kwao wenyewe. Usiamini kung’ata tu kwa meno, wafanyabiashara wa huko wanajua tunang’ata. Fanya ile ya chupa: chukua chupa kavu, tia konzi ya mahindi na chumvi kavu kidogo, tikisa, iache dakika kumi na tano. Chumvi ikiganda kwenye ukuta wa chupa, yaache hapo hapo hata kama bei ni ya kutupa. Na yakichanganywa na yaliyotoboka usiyachukue, dumuzi wakiingia chumba hiki wataniachia unga wa bure na maganda. Chumba chenyewe ndicho tunacholala na mapacha, nitayapanga juu ya mbao, mbali na ukuta, panya wa Mbagala unawajua, wanakupisha wakipenda.

Nimeambiwa pia mzigo usiofika tani moja hautozwi ushuru wa mazao ukivuka halmashauri, na magunia matatu hayafiki hata nusu tani. Kwa hiyo utingo akikuambia njiani kutakuwa na ushuru, mwambie alete risiti. Ni mtoto mzuri, lakini ni utingo. Na kuhusu lumbesa, kule kujaza gunia mpaka lipite kipimo, najua imekatazwa, sikuombi uvunje sheria, nasema tu kwamba kushindilia kidogo kwa mkono hakujawahi kumfunga mtu.

Enhe, yule Sikujua kajifungua, mtoto wa kiume, kilo tatu na nusu. Yule bwana hajaja hata siku moja. Tutaongea.

Luku imekata. Namalizia kwa mshumaa wa mama mkwe, ananihesabia dakika.

Nijibu haya, hata kwa mdomo kupitia kijana: bei ya gunia leo ni ngapi, na unadhani itashuka tena au ndiyo imefika? Yamekauka kweli au bado wanayaanika barabarani? Ninyi mnahifadhi kwa dawa gani, ile ya unga au mifuko yenye nailoni mbili ndani? Mifuko hiyo ni shilingi ngapi huko? Maharage ya njano yamevunwa? Debe moja linaweza kupandishwa juu ya mzigo, nikalipe mwezi wa nane? (Najua, najua.) Mguu wa bibi umepona? Baba Ambokile bado ana ile pikipiki? Na elfu thelathini yako, Tumpe, unaitaka lini, lakini niambie kweli, usinionee huruma?

Hela nitaituma kwa simu ya Mama Nasra tarehe ishirini na moja asubuhi, ukiona namba yake usiipuuze kama ulivyofanya Pasaka.

Wako,
Zuhura

Nimesahau: usinunue magunia mapya. Nakutumia matatu matupu kwa kijana huyuhuyu, ya Mama Nasra, yameandikwa MN kwa kalamu nyeusi. Anayahesabu, kwa hiyo yarudi yote.