Risala ya Wakamuaji wa Alizeti, Singida, kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wetu wa Wilaya; waheshimiwa madiwani; viongozi wa dini; mabibi na mabwana,

Tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu licha ya majukumu mengi. Kikundi chetu kilianza na mashine moja kwenye banda la kukodi. Leo tuna mashine tatu, mzani wa kidijitali na cheti cha ushiriki wa Nane Nane, kile kilichotundikwa nyuma yako. Kwa mafanikio hayo makubwa, tusikuchoshe.

Mheshimiwa, kilio chetu ni mashudu, yale makapi yanayobaki alizeti ikishakamuliwa. Mashine zetu hukamua kwa mgandamizo, na hata fundi akaze vipi, kila kilo 100 za mashudu huondoka na mafuta kilo 6 hadi 10, pengine zaidi. Yafunge kwenye gazeti uone linavyolowa. Sisi tunayauza kwa bei ya chakula cha mifugo. Wenye viwanda vikubwa wanayaosha kwa hekseni, kimiminika kitokanacho na petroli, ambacho huyeyusha mafuta hadi yanayobaki hayafiki asilimia 1. Hekseni huchemka kwenye nyuzi joto 69 hivi, basi huvukizwa, ikapozwa na kurudishwa kazini. Mashudu nayo hupigwa mvuke kuondoa masalia yake, yakaenda kulisha kuku. Mafuta yakishasafishwa, tunakutana nayo dukani, tunayanunua.

Tunataka mtambo wetu wa pamoja. Ila hekseni si ya kuchezea: mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni, na cheche ya swichi yatosha kuulipua. Hapa tulipo tumepakana ukuta na mama lishe na majiko yao ya mkaa. Zimamoto hawawezi kuturuhusu, na hatuwalaumu.

Kiwanja nje ya makazi tuliahidiwa. Mgeni Rasmi mmoja wa miaka iliyopita alikitamka kwenye kipaza sauti, tukapiga vigelegele. Wapimaji wakaja, vigingi vikasimikwa. Aliyefuata akaahidi kufuatilia, tukapiga tena. Vigingi vipo, watu wanafungia mbuzi, hati hakuna. Hatusemi tulidanganywa, Mheshimiwa. Tumewaomba tu akina mama wavitunze vigelegele vya leo mpaka hati itoke.

Fedha za mtambo hatukuombi. Benki tutakwenda wenyewe, lakini mikono mitupu hawatatusikiliza. Tunaomba hati, kwa jina la kikundi. Afisa Ardhi umefuatana naye, na ramani ya kiwanja iko mezani mbele yako, chini ya chupa ya maji.

Tunaomba kuwasilisha.