Barua ya wazi kwa Mkurugenzi: tunaomba hati za kichwa kile

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Salamu na heshima zote. Hongera kwa ukumbi mpya wa Asia na taa zake. Kwa msaada wa taa hizo niliiona vizuri shingo ya kile kichwa cha sanamu ya Kikhmeri, ya Kamboja ya kale, na kwa sababu hiyo Jumamosi mlinzi wako alinishika mkono akanitoa nje mbele ya wanangu. Kosa langu ni kupiga picha kwa nyuma. Mbele ruksa.

Mbele kweli panapendeza: midomo imezungushiwa mstari mwembamba, taji limechongwa ua kwa ua. Nyuma, chini ya sikio, kuna makovu ya tindo yaliyopandana ovyo. Fundi aliyechonga taji lile hakati shingo namna hiyo. Kibao chenu kinasema: Kamboja, karne ya 10, zawadi. Ya nani? Uliahidi mwenyewe mwaka jana, hadharani, kwamba asili ya kila sanamu itatangazwa.

Kule Koh Ker, Kamboja, kwenye hekalu la Prasat Chen, nyayo za sanamu zilibaki juu ya vitako vyake vya mawe huku miili ikikaa Marekani. Mojawapo, sanamu ya shujaa Duryodhana, ilifikishwa mnadani New York mwaka 2011, ikazuiwa, ikarudi kwao 2014. Makumbusho ya Metropolitan ya New York ilirudisha sanamu mbili za wahudumu waliopiga magoti mwaka 2013, na 2023 ikakubali kurudisha sanamu nyingine 14 Kamboja. Milango yake ingali wazi. Ninyi mnaogopa nini? Labda mfadhili yu hai na hundi zake bado zinakuja. Nakisia, maana barua zangu hazijibiwi.

Utauliza, Mgiriama haya yanamhusu nini. Kwetu Kilifi vigango, nguzo za mbao za kuwakumbuka wazee waliokufa, viling'olewa vikauzwa kwa wafanyabiashara wa vinyago, vingine vikaishia kwenye makumbusho ya Marekani. Cha babu yangu hatujakiona mpaka leo. Bibi amekufa akikiulizia.

Kichwa si changu, sikidai. Hata radhi ya Jumamosi sidai, ingawa wanangu bado wananiuliza niliiba nini. Naomba hati: nani alikinunua, kwa nani, lini, na kilitokaje Kamboja. Zibandikeni pale pale chini ya kibao. Kama hamna, andikeni kwamba hamna. Hati tu, Mheshimiwa.

Wako mtiifu,
Mlipa kiingilio